Kumbikumbi kwa Ini la Kaka Bakari

Jumanne, Msambweni. Mvua ya vuli imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Bati linapigwa hata simu siisikii, na hata ningeisikia nisingeishika. Leo sina neno la kumwambia mtu.

Leo nimemuua mtu ambaye hakuzaliwa.

Mnaonisoma humu bloguni mnanijua. Mimi ni Ami Sudi, muuza madafu wa barabara ya Diani, na kabla ya madafu nilikuwa mkwezi. Kutoka Gazi mpaka Vanga hapana mnazi ulionishinda. Mimi ndiye niliyeangukiwa na nazi kavu utosini, nazi ikapasuka nusu kwa nusu, nikaenda nayo nyumbani ikakunwa ikatiwa kwenye mchuzi. Mimi ndiye niliyempiga kofi nyani wa Shimba Hills, na kesho yake akarudi na wenziwe kuniomba radhi. Shule niliiachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kumaliza anayoyajua.

Hayo yote nimeyaandika hapa, na yote yana shahidi mmoja. Kaka yangu Bakari.

Kaka Bakari ni fundi cherehani. Anashona kanzu, anashona suruali za shule, na barazani kwake ndipo nilipokuwa nikisimulia siku zote. Mtu akinibishia, Kaka hainui hata macho. Mguu unaendelea kukanyaga cherehani, sindano inakwenda, naye anasema taratibu, "Nilikuwepo." Basi maneno yamekwisha, kwa sababu hapa mtaani hapana mtu anayelitilia shaka neno la Bakari. Ni mtu wa sala tano. Siku moja nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Akanijibu, "Mimi nasema nilikuwepo. Kwani nimesema nilikuwepo wapi?"

Huyo ndiye kaka yangu. Sasa ini lake linaumwa.

Daktari alisema ni virusi vya homa ya ini. Vilikaa mwilini mwake miaka mingi bila kupiga hodi, na vilipojitokeza, ini lilikuwa limekwisha kuwa gumu. Macho yakawa ya manjano. Tumbo likajaa maji. Mtu huyu hajaonja tembo la mnazi hata kwa ncha ya ulimi, na mimi niliyekuwa nakwea minazi na kuonja kila kilichogemwa huko juu, mimi ini langu ni zima. Wa kumuuliza habari hiyo hayupo. Huwa naikumbuka nikiwa peke yangu, kisha natafuta kazi ya kufanya.

Alipewa vidonge vya kumkojoza, akapangiwa siku za kurudi hospitali kutolewa maji tumboni, na akaambiwa chumvi ikome. Ikome kabisa. Shemeji yangu Mwanasha, mke wa Kaka, akaitoa chumvi ndani ya nyumba ile kama mtu anayemtoa nyoka. Kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani. Mchuzi wa nazi bila chumvi, samaki bila chumvi, muhogo bila chumvi. Kaka akila matonge mawili anasukuma sahani. "Ni kama kutafuna godoro," alikuwa akisema. Mikono yake ikabaki mifupa, tumbo likabaki mbele peke yake. Daktari akasema lazima ale vyakula vya kujenga mwili, la sivyo hata dawa hazitamsaidia.

Ndipo niliposoma kwenye simu, chini ya mwavuli wangu wa madafu, kwamba wadudu ni chakula cha ini.

Nilisoma mwenyewe, sikusimuliwa. Iliandikwa kwamba wadudu wana protini nyingi, wana mafuta mazuri, na maganda yao yana nyuzinyuzi ambazo wataalamu wanazichunguza kama zinaweza kupunguza mafuta yanayoganda kwenye ini. Yalikuwamo maneno mengine magumu, nikayaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Panya pia walikuwamo, wala sikuelewa panya wanatafuta nini katika habari ya ini la binadamu. Kabla sijafika mwisho, bando likaisha.

Sikununua jingine. Nilichokitaka nilikuwa nimekwisha kukipata.

Huku kwetu pwani wengi kumbikumbi hatuwali, lakini wenzetu wa bara ya Kwale, huko Kinango na Ndavaya, wanawala tangu zamani. Mvua ikinyesha wanawategea kwenye mashimo ya kichuguu, wanawakaanga, wanawaanika, wanawapepeta mabawa, wanawaweka. Nikachukua bodaboda mpaka Ndavaya. Nikampata mama mmoja anayewauza sokoni, nikarudi na mkebe wa maziwa umejaa mpaka kwenye kifuniko.

Kaka aliutazama ule mkebe kama aliyeletewa misumari. "Nzige najua ni halali," akasema. "Hawa je? Sisi wa madhehebu ya Shafi hatuwali, Sudi."

Hapo ndipo nilipomzaa Mzee Nyawa.

Sikupanga. Mdomo wangu umezoea. Nilisema kuna mzee Ndavaya, jina lake Nyawa, macho yalikuwa manjano kama papai, tumbo kama ngoma, akala kumbikumbi, akapona. Kaka akauliza kama ni Mwislamu. Nikasema ndiye mwadhini wa msikiti wao, na alimuuliza sheikh kwanza, akaambiwa kwa dawa hapana ubaya. Kaka akauliza ilichukua muda gani. Nikasema kutoka Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tatu, miezi miwili tu. Kila alichouliza, Mzee Nyawa alikuwa nacho. Sijapata kutunga mtu akanitii namna ile.

Kaka akasema bismillahi, akatia mmoja kinywani. Akatafuna. Akatia wa pili. Kisha akachota kwa kiganja.

"Hawa wana ladha," akasema.

Shemeji Mwanasha alifunga mdomo kwa ncha ya leso akaenda jikoni kulia. Kwa muda mrefu mno tulikuwa hatujamwona Kaka akijiongezea chakula. Tangu siku hiyo Kaka akawa anakula kumbikumbi asubuhi na jioni, na anakunywa maji mengi juu yake, na mimi nikawa natembea Msambweni nzima kifua mbele. Nilimwambia kila aliyenunua dafu kwangu kwamba hospitali zina mashine lakini mimi nina Ndavaya. Wageni wa kutoka Nairobi walinirekodi kwa simu zao.

Tumbo la Kaka lilipozidi kukua nilisema anashiba. Miguu ilipoanza kuvimba nilisema damu inarudi.

Siku yake ya kurudi hospitali ilipofika, Kaka aliniuliza swali moja tu. "Mzee Nyawa alitolewa maji?"

Nikasema, "Hata tone."

Hakwenda.

Hilo neno nimelirudia kichwani leo kutwa nzima. Hata tone.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Mzee Kassim alikuja kumjulia hali. Ni jirani yetu wa miaka mingi, na mkwewe, mume wa binti yake, ana ugonjwa huo huo wa ini. Akauliza kama ni kweli habari za kumbikumbi. Nikafungua mdomo nianze, lakini Kaka akanitangulia. Amekaa kwenye mito, sauti ndogo, pumzi fupi. "Nilikuwepo," akasema. "Nyawa alikuja hapa kumshukuru Sudi. Kavaa shati la kijani, baiskeli kaiegemeza kwenye mpapai ule pale."

Nikautazama ule mpapai. Shati mimi sikumpa. Wala baiskeli sikumpa.

Mzee Kassim akaondoka kwa furaha, akaniagiza mkebe wa mkwewe.

Sasa ya leo. Mvua imenizuia kwenda Diani, nikaenda kwa Kaka mapema. Nilimkuta amekaa wima kitandani, kwa sababu akilala chali pumzi haiji. Miguu yake imevimba mpaka vifundo havionekani. Nilimpa shikamoo akaitikia nusu, nusu ya pili ikamezwa na kukohoa.

Mkebe ulikuwa mapajani. Akanisogezea.

"Leo hamu sina," akasema. "Kula na mimi. Wewe ulisema tangu utotoni unawala kwa ndoo."

Nilisema hivyo, ni kweli. Nilisema mwaka wa njaa nilikula gunia, na mabawa nikayatia kwenye mto wa kulalia. Lakini nikwambie wewe ukurasa, kwa kuwa huna mdomo wa kunicheka: sijapata kumla kumbikumbi hata mmoja maishani mwangu. Nawaogopa. Wananitia kinyaa, miguu ile. Nilipowanunua Ndavaya yule mama alinipa wa kuonja, nikajifanya nimefunga.

Kaka ananitazama. Nikafumba macho, nikatia kinywani, nikauma.

Chumvi.

Sio chumvi ya kugusia. Ni chumvi ya samaki wa ng'onda, inayokausha ulimi. Nikatia wa pili nikidhani nimekosea. Chumvi. Wanakaangwa na chumvi, wanaanikwa na chumvi, wasioze, wakae mpaka mvua nyingine. Mtu yeyote wa Ndavaya anajua. Mtu yeyote aliyewahi kuonja mmoja tu anajua. Msambweni nzima mjuzi wa kumbikumbi nilikuwa mimi.

Nikatoka na mkebe mpaka jikoni. Shemeji Mwanasha hajawahi kuwaonja, hata mkebe wenyewe alikuwa akiushika kwa leso. Nikamwambia, "Shemeji, onja." Akanitazama uso wangu, hakubisha. Akaonja, akatema kiganjani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Chumvi nimeitoa nyumba hii," akasema. "Hata ya mtoto wa jirani ya kulia maembe nimeikataza isipite mlango huu. Wewe shemeji umeirudisha ikiwa na miguu."

Nikaufunika mkebe.

"Na mimi nikasema Alhamdulillahi, hamu imerudi," akasema. "Kumbe ni chumvi ndiyo aliyokuwa akiikumbuka."

Akapiga simu kliniki pale pale, akaongea na muuguzi, mimi nimesimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Muuguzi alisema kumbikumbi wenyewe hawana neno, ni chakula cha kujenga mwili kama samaki, na wasiokuwa na chumvi daktari angeweza hata kumruhusu. Chumvi ndiyo inayoshika maji mwilini. Akasema mgonjwa apelekwe kesho mapema asichelewe, na akizidiwa na pumzi usiku huu apelekwe usiku huu huu. Tena mkebe uende naye.

Tukaingia chumbani wote wawili kumwambia Kaka. Shemeji akamweleza habari ya chumvi, taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, wala hakushangaa; ulimi wake ulikuwa unajua. Halafu hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Na Mzee Nyawa?" akasema. "Yeye alikula na chumvi hii hii akapona?"

Jibu nilikuwa nalo. Wallahi lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Mzee Nyawa aliwaosha kwa maji ya vuguvugu, mara tatu, ndipo akala. Lingekaa vizuri kabisa. Kaka angelipokea, tungewaosha kumbikumbi, na kesho angesema tungoje kidogo, tuone wa kuoshwa. Nililiona jibu lile lote, mwanzo wake na mwisho wake, na mwishoni mwake niliona sanda.

Nikasema, "Kaka, hakuna Mzee Nyawa."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nikadhani hakunisikia, nikasema tena, kwa nguvu zaidi, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Kaka akageuza uso dirishani, kwenye mpapai.

"Baiskeli yake ilikuwa pale," akasema.

"Hakuna baiskeli, Kaka."

"Shati lake nilikuwa namshonea mimi." Alisema bila kunitazama, mikono imelala juu ya tumbo lake. "Maumivu yakinizidi nalala macho, namshonea Nyawa shati. Kitambaa cha kijani, shati la kola. Namkatia, namshonea mabega, natia mifuko. Nimebakisha vifungo."

Shemeji Mwanasha akatoka nje mvuani.

Mimi nilibaki. Nilitaka kumshika mguu, nikaogopa, kwa sababu ukiugusa sasa kidole kinaacha shimo. Nimebuni watu maisha yangu yote, na sikupata kujua kwamba kuna aliyekuwa akiwahifadhi moyoni. Nilidhani Kaka ananisitiri tu.

Kaka akasema, "Nenda kwa Mzee Kassim. Mwambie sikuwepo."

"Mvua ikikata, Kaka."

"Nenda sasa, Sudi. Asije akampa mkwewe."

Nikaenda na mvua hiyo hiyo. Mzee Kassim alikuwa barazani kwake amejifunika shuka, anakunywa chai ya tangawizi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mkebe wangu uko wapi?"

Nikamwambia asimpe mkwewe chochote kutoka kwangu, ampeleke kliniki tu. Nikamwambia habari ya chumvi. Kisha nikamwambia, "Na Kaka amenituma nikuambie hakuwepo."

"Hakuwepo wapi?"

"Huyo mtu wa Ndavaya hayuko. Nilimbuni mimi. Kaka hakumwona."

Mzee Kassim akaweka kikombe chini. Akanitazama, maji yananichuruzika mpaka kwenye mkeka wake. Nilijua anachokihesabu kichwani. Anahesabu hadithi zangu moja moja, na kila moja anaiondolea shahidi.

"Hata ile ya nazi?" akauliza.

"Hata ya nazi, mzee."

Akatikisa kichwa. "Ile ya nazi ungeiacha, Sudi," akasema. "Ile haikuwa inamuua mtu."

Akanipa shuka yake nijifute. Sikuichukua. Nikarudi.

Njiani nikanunua bando. Nikasimama kwenye kibaraza cha duka nikaitafuta ile habari ya wadudu, nikaisoma polepole mpaka chini, safari hii bila kuruka dimbwi hata moja. Ule mwisho nilioukosa ulikuwa mfupi tu. Ulisema mengi ya hayo yameonekana kwa panya, kwa binadamu bado hayajathibiti, na mwenye ugonjwa wa ini asiache matibabu yake wala asibadili chakula kabla ya kumuuliza daktari. Ulikuwa pale siku zote. Ulikuwa unaningoja.

Niliporudi Kaka alikuwa amemruhusu shemeji amfungie kikoi na kanzu safi kwenye mfuko. Tuktuk imekwisha kuagizwa. Nikamwambia nimefikisha ujumbe. Akaitikia kwa kichwa.

"Kesho nitakwenda," akasema. "Na wewe utakuja. Lakini usinisimulie kitu njiani."

Nikasema sawa, Kaka.

Sijapata kukaa naye safari nzima kimya. Hata tulipompeleka marehemu mama kuzikwa, nilimsimulia, akacheka ndani ya kofia yake, watu wakadhani analia. Kesho mikono yangu nitaiweka wapi?

Sasa ni baada ya magharibi. Mvua imepungua, na kumbikumbi wametoka ardhini, wamejaa kwenye taa yangu ya mlangoni. Wanazunguka, wanajigonga, mabawa yanaanguka kwenye maji. Mwaka mwingine ningekuwa nimekwisha kuwaandikia kwamba walikuwa wengi hata wakaibeba taa. Si wengi. Ni kumbikumbi wa kawaida, na taa iko pale pale.

Kaka anapumua. Nimetoka kwake sasa hivi, nimemsikia kwa masikio yangu. Shemeji yuko macho naye, na dereva wa tuktuk anaishi nyumba ya pili. Kama kesho watamtoa maji na akapata nafuu, sijui. Kama ini litangoja, sijui. Mara ya kwanza katika blogu hii naandika sijui, na nimeiandika mara mbili.

Kesho daktari atauliza mgonjwa alikula nini, alikula kiasi gani, tangu lini, na kwa nini hakuja siku yake. Kaka hatakuwa na pumzi ya kuyajibu hayo yote. Daktari atageuka atuulize sisi tuliomleta, nani anajua. Nitasema mimi. Atauliza ninajuaje.

Nitamwambia nilikuwepo.